Binti yangu Mwislamu amepata chuo cha Kanisa Mtwara. Atalazimishwa kusali?

SWALI: Assalaam alaykum mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Mingoyo, Lindi. Binti yangu wa pili amechaguliwa kusoma ualimu katika chuo kikuu cha Wakatoliki hapo Mtwara. Amefurahi sana kwa kuwa ni karibu na nyumbani. Baba yake mdogo hataki. Anasema huko wanafunzi huhesabiwa ibadani kama askari kwenye gwaride, na mtoto atarudi na msalaba shingoni. Kijana wa jirani naye ametuonyesha kwenye simu habari za chuo cha Kikristo ambako asiyehudhuria ibada hahitimu. Nataka kujua: atalazimishwa kusali? Ushungi atavuliwa? Ramadhani itakuwaje? Na wakimsalimia "Tumsifu Yesu Kristo" ajibu nini? Ada ya kwanza nalipa kwa hela ya korosho, sitaki nilipe halafu nijute.

JIBU: Waalaykum salaam, mama. Kwanza umjue anayekujibu. Mimi ni Mmakua wa Masasi, Mwanglikana wa kuzaliwa, na kwa miaka kumi na tisa nilikuwa katika ofisi ya mshauri wa wanafunzi kwenye chuo cha Kikatoliki, mkoa wa mbali na huku kwetu. Sasa nimestaafu, nakaa Chikongola hapa Mtwara. Miaka yote hiyo niliishi katika nyumba ya dhehebu lisilo langu. Kila Misa ya kufungua mwaka wa masomo nilikuwepo, nimevaa tai, na wenzangu walipopanga mstari kwenda kupokea Ekaristi, ule mkate mtakatifu wa Misa, mimi nilibaki kwenye benchi nikitazama viatu vyangu. Hakuna aliyewahi kunivuta mkono.

Chuo kikuu cha Wakatoliki kilichopo Mtwara ni Stella Maris, chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, SAUT ya Mwanza. Kilianza mwaka 2009, na mwenye nyumba ni Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania. Sikuwahi kufanya kazi hapo, hivyo visa nitakavyovisimulia ni vya kule nilikotoka. Sheria za hapo utazisoma mwenyewe, na nitakuambia uzisome wapi.

Atalazimishwa kusali? Hapana. Na anayekataza ni Kanisa lenyewe, kabla hata hujafika kwa serikali. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki wa dunia nzima, ulitoa tamko lake juu ya uhuru wa dini tarehe 7 Desemba 1965. Sheria za Kanisa za mwaka 1983, kanuni ya 748, zinasema hairuhusiwi kumshurutisha mtu aipokee imani ya Kikatoliki kinyume cha dhamiri yake. Kisha mwaka 1990 Papa Yohane Paulo II akatoa katiba inayohusu vyuo vikuu vya Kikatoliki duniani kote, Ex Corde Ecclesiae, na humo uhuru wa dhamiri wa kila mtu aliyeko chuoni unatakiwa kuheshimiwa kikamilifu. Lakini katiba hiyohiyo inamdai mwanafunzi kitu. Inasema wanafunzi wote, wa dini yoyote, wautambue na kuuheshimu Ukatoliki wa chuo. Sala haidaiwi, heshima inadaiwa. Miaka mitatu ya binti yako itapita katikati ya maneno hayo mawili, na ugomvi karibu wote nilioamua ofisini ulitokana na mtu aliyeyachanganya. Mara nyingine aliyeyachanganya alikuwa mwanafunzi, mara nyingine mfanyakazi wa chuo.

Kuna jambo moja ambalo Waislamu wengi hawalijui, na likijulikana nusu ya hofu huondoka. Tendo kubwa kuliko yote katika ibada ya Kikatoliki, lile la kupokea Ekaristi, binti yako haruhusiwi kulifanya hata akitaka. Mimi niliyebatizwa, ninayesoma Biblia ileile, sikuruhusiwa kwa kawaida yao. Kwa hiyo picha aliyonayo shemeji yako, ya mtoto wa Kiislamu kusukumwa altareni afungue kinywa, haiwezekani kwa sheria yao wenyewe. Padre akimwona kwenye mstari ndiye atakayekuwa wa kwanza kushtuka.

Kinachoweza kutokea ni kukaa mahali ambapo wengine wanasali. Hilo, mama, si geni kwenu. Huku kusini ukoo mmoja una Mariamu na Maria. Sijui ukoo wa Kimwera au wa Kimakonde usio na watu wa pande zote mbili, na wewe mwenyewe bila shaka umewahi kukaa kanisani kwenye harusi ya mtoto wa ndugu au kusimama kaburini padre akinyunyiza maji ya baraka. Ulikwenda, ukakaa, ukanyamaza, ukarudi nyumbani ukaswali magharibi yako. Hakuna aliyekuhesabu kuwa umebadili dini. Ulihudhuria, hukuabudu. Binti yako anayo elimu hiyo tayari, ameipata sebuleni kwenu. Atakachohitaji ni kuitumia bila wewe kuwa pembeni yake.

Najua watu watamwambia, "Ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho." Methali hiyo mimi siipendi kwa jambo hili. Anayefumba jicho anajifanya kuwa asivyo, na nimeona wasichana wa Kiislamu wakipiga ishara ya msalaba ili wasionekane wa ajabu. Hilo hakuna aliyewaomba. Padre mlezi wa chuo chetu alimwita mmoja wao akamwambia, kwa upole kabisa, kwamba ishara ile ni sala, na sala ya kuigiza haimpendezi mtu yeyote. Mwambie binti yako aache macho yake wazi. Wakisimama, asimame, kama anavyosimama wimbo wa taifa ukiimbwa. Wakipiga magoti, akae. Wakiimba, anyamaze au asikilize, maana kwaya zetu zinaimba vizuri na kusikiliza hakubatizi.

Sasa habari za kwenye simu. Kijana wa jirani hakudanganya, ila amekuonyesheni nchi nyingine. Marekani kuna vyuo vya Kikristo vinavyohesabu mahudhurio ya ibada kweli. Baylor ya Texas, ambacho ni chuo cha Wabaptisti, huwataka wanafunzi wahudhurie kipindi cha ibada kwa semista mbili ndipo wahitimu. Wheaton, kule Illinois, wanafunzi hutia saini agano la namna ya kuishi kabla ya kuanza. Anayejiunga huko anajua tangu mwanzo anachoingia. Vyuo vya Kanisa vya kwetu vilizaliwa kwa njia nyingine. Viliibuka zaidi kuanzia miaka ya 1990, serikali iliporuhusu vyuo vikuu binafsi, ili kuziba pengo la nafasi, na vinapokea watoto wa dini zote, wengi wao wakilipiwa na Bodi ya Mikopo kama wa vyuo vya serikali. Tume ya Vyuo Vikuu inavisimamia sawa na vingine. Kuwahesabu Waislamu ibadani hakuendani na maisha hayo, na katika miaka yangu sikuona karatasi ya mahudhurio ya Misa.

Hata hivyo kuna mambo atakayoyakuta, na ni afadhali uyasikie kwangu.

Kuna sherehe za chuo. Mwaka wa masomo hufunguliwa kwa Misa, mahafali hutanguliwa na sala au Misa, na siku ya mtakatifu ambaye chuo kimepewa jina lake hufanyiwa sikukuu. Stella Maris maana yake ni Nyota ya Bahari, ni jina la heshima la Bikira Maria, na kwa mji wa wavuvi kama huu ni jina lililokaa mahali pake. Vyuo vingi huwaalika wote na kuwaachia wasio Wakatoliki wachague. Vingine huandika "mnatakiwa kuhudhuria" kwenye tangazo, na anayelisoma tangazo hilo hawezi kujua kama ni amri au mwaliko wa mtu asiyejua kualika. Ushauri wangu kwa hilo ni mdogo: aende kwa mshauri wa wanafunzi aulize, mapema, kwa sauti ya kawaida. Nilipokuwa ofisini, wanafunzi waliokuja kuuliza siku tatu kabla niliwaruhusu wote bila maneno. Walionipa kazi ni wale waliokaa kimya, wakatoroka, kisha wakaja na barua ndefu.

Kuna somo pia. Vyuo vya Kanisa kwa kawaida huweka somo la falsafa, maadili au mafundisho ya jamii ya Kanisa, na kila mwanafunzi hulisoma hata kama amekuja kusomea hesabu. Humo ataambiwa kwamba mwaka 1891 Papa Leo XIII aliandika juu ya haki za wafanyakazi, mishahara na vyama vyao. Kwenye mtihani ataulizwa Papa alisema nini. Hataulizwa kama anakubali. Mwanafunzi wangu mmoja, kijana wa Kilwa, alipata alama ya juu kuliko darasa zima katika somo hilo, na kwenye karatasi yake alilinganisha hoja ile na zaka. Mwalimu wake, sista mzee mkali, alikuja ofisini kuniomba niisome.

Mavazi ndiyo sehemu ambayo naamini wewe na matroni mtaelewana kuliko matroni na wanafunzi wa Kikristo. Vimini, suruali za kubana, nguo za kuonyesha tumbo, hayo ndiyo yanayopigwa marufuku. Ushungi sikuwahi kuona ukizuiwa. Nikabu ndiyo huleta maneno, hasa mlangoni mwa chumba cha mtihani ambapo sura lazima ilingane na picha ya kitambulisho. Kama binti yako hufunika uso, ulizia utaratibu wa kukaguliwa na mwanamke pembeni. Ni ombi la kawaida, lakini asilitoe asubuhi ya mtihani, wasimamizi wakiwa wanahangaika na foleni.

Pombe hairuhusiwi, wavulana hawaingii hosteli za wasichana, na geti hufungwa saa iliyopangwa. Haya sidhani kama yatakukosesha usingizi.

Ijumaa na Ramadhani ni habari ya ratiba kuliko ya dini. Ratiba ya vipindi hupangwa na mtu aliyekaa mbele ya kompyuta, anajaza vyumba, na saa saba mchana ya Ijumaa kwake ni saa kama nyingine. Kwa wavulana hilo huwa zito zaidi kwa kuwa swala ya Ijumaa ni wajibu wao. Hata hivyo Waislamu wakiomba kwa pamoja kupitia kiongozi wao, mwanzoni mwa semista kabla ratiba haijakauka, hupewa. Mara mbili nilibeba ombi la namna hiyo hadi ofisi ya taaluma. Mara ya kwanza lilikubaliwa siku ileile. Mara ya pili lilikataliwa kwa sababu lilifika wiki ya tano, na mhadhara ule ulikuwa na watu wa kozi nne. Hakukuwa na chuki ndani yake, ila vijana waliona chuki, na ningekuwa wao huenda nami ningeiona.

Ramadhani ina mambo ya chakula. Aulize kantini inafunga saa ngapi, maana kama inafunga saa kumi na moja jioni yeye atafuturu nini? Aulize kama kupika chumbani kunaruhusiwa. Karibu kila hosteli inakataza majiko na hita za umeme kwa kuogopa moto, na daku haliivi kwa maombi. Kule kwetu wasichana walipanga na mama mmoja wa kantini akawa anawaachia uji na viazi kwenye chupa na mabakuli ya moto. Kuanzia mwaka wa pili wanafunzi wengi huhama hosteli wakapanga mtaani, na Mtwara ni mji ambao Waislamu ni wengi, kwa hiyo atapata mwenye nyumba anayefunga na msikiti ulio hatua chache. Idd zote mbili na Maulidi ni sikukuu za kitaifa, hakuna vipindi. Na huenda akashangaa kuwakuta wenzake nao wamefunga: mwaka 2025 Jumatano ya Majivu, siku Wakatoliki wanapoanza Kwaresima, iliangukia Machi 5, Ramadhani ikiwa imeanza siku chache tu kabla. Kantini za vyuo vya Kanisa mwezi ule zilikuwa na amani isiyo ya kawaida.

Kuhusu nyama, kwa desturi ya nchi yetu inayouzwa buchani huchinjwa na Mwislamu, na kantini hununua hukohuko. Lakini aulize, kuuliza si ugomvi.

Nimeacha makusudi jambo ninaloliogopa mwenyewe, nalo halimo kwenye sheria za chuo chochote. Mapadre hawakunisumbua, masista hawakunisumbua. Ni hosteli, saa nne za usiku.

Chuo kina vikundi vya dini vya wanafunzi. Wakatoliki wana TMCS, Walutheri na Waanglikana na wenzao wana USCF, Waadventista wana TUCASA, walokole wana CASFETA, kuna na TAFES ya Wakristo wa kiinjili, na Waislamu wana jumuiya zao kama TAMSYA. Vikundi hivi ni baraka. Mtoto aliyetoka nyumbani mara ya kwanza hupata humo ndugu, mkopo wa nauli, na mtu wa kumpeleka hospitali. Lakini ndimo pia anamokutana na vijana wa miaka ishirini na moja wenye moto mkubwa wa imani na busara changa. Mwenzake chumbani akimwombea kwa sauti usiku wa manane akidhani anamsaidia, hapo hakuna padre aliyemtuma.

Mwaka mmoja, katika mwezi wa Ramadhani, msichana mmoja wa Kiislamu alianguka chumbani jioni akapoteza fahamu. Wenzake wanne walimzunguka wakaanza kukemea mapepo. Walipaza sauti, wakamshika kichwa, wakampigia simu mwinjilisti wa mtaani, na msichana alipozinduka akakuta watu wanamfokea kwa jina la Yesu, alipiga kelele, jambo ambalo kwao lilithibitisha kwamba pepo lipo. Matroni alikuwa hayupo. Nilipofika na dereva ilikuwa imepita karibu saa nzima. Hospitali walikuta malaria, na mwili uliokuwa haujapata maji wala sukari tangu alfajiri. Alipona. Lakini hakurudi chumba kile, na kwa wiki kadhaa hakuzungumza na mtu. Baba yake alikuja kutoka mbali, akakaa mbele yangu, hakunitukana. Aliniuliza tu, "Saa ile mlikuwa wapi?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Chuo chetu kilikuwa na kurasa nyingi juu ya urefu wa sketi na hakikuwa na mstari mmoja juu ya nani anaruhusiwa kumwombea nani chumbani. Tuliuandika baada ya hapo.

Upande wa pili nao upo, tusifichane. Nilimpokea msichana mwingine akilia kwa sababu wenzake Waislamu walimtenga. Kosa lake lilikuwa kukaa kwenye mazoezi ya kwaya akimsubiri rafiki yake wasindikizane. Walimwandikia ujumbe wa kumwita majina ambayo sitayarudia.

Na kama unadhani Waislamu ndio walikuwa kesi ngumu kwangu, utashangaa. Mpaka wa Mwislamu unaonekana, kila mtu anauheshimu kirahisi. Waliotutoa jasho ni Wakristo wenzetu. Mwadventista hafanyi mtihani tangu machweo ya Ijumaa hadi machweo ya Jumamosi, na mitihani ya Jumamosi ilikuwa haiishi. Mlokole hataki kusimama rozari ikisaliwa kwa sababu anaona ni kumwabudu Maria. Ugomvi wa ndugu, unaujua ulivyo.

Nije kwa shemeji yako. Usimchukulie kama mtu mkaidi. Hofu yake ina umri mkubwa kuliko yeye. Waanglikana wa UMCA, misheni kutoka Uingereza, waliweka kituo Masasi mwaka 1876, Wabenediktini, watawa wa Kikatoliki, wakajenga Ndanda kuanzia 1906, na kwa miongo mingi shule huku kusini ilikuwa ni shule ya misheni. Kichwani mwa wazee, kumpeleka mtoto shule na kumpeleka akabatizwe lilikuwa jambo moja, ndiyo maana wengi waliwabakiza watoto wao madrasa. Babu yangu mwenyewe aliingia jando lililoendeshwa na Kanisa, lile ambalo Askofu Vincent Lucas wa Masasi aliona ni heri alichukue kuliko alipige marufuku. Kanisa la wakati ule lilimfuata mtu hadi porini. Kisha ikaja Sheria ya Elimu ya 1969, shule za misheni zikataifishwa, na watoto wa dini zote wakakaa dawati moja. Shemeji yako anakumbuka ya babu zake, na kumbukumbu hiyo haijakosea kuhusu wakati ule.

Lakini anachotaka kuhakikishiwa, kwamba mtoto hatabadilika, sitakihakikisha. Ibara ya 19 ya Katiba yetu ya 1977 inampa kila mtu uhuru wa imani, na ndani ya uhuru huo upo uhuru wa kubadili dini. Binti yako ni mtu mzima. Katika miaka kumi na tisa niliona wachache waliobadili, wakienda upande huu na upande ule, na karibu wote walioniambia sababu, sababu ilikuwa mchumba. Kanisa la chuo halikuhusika, wala mhadhara. Mchumba huyo angeweza kumkuta chuo cha serikali, kwenye basi la Mtwara, au hapohapo Mingoyo penye njia panda. Mwenye kujua kwa nini anaswali huendelea kuswali. Niliona wasichana walioanza kuswali swala tano wakiwa kwenye chuo cha Kikatoliki, kwa sababu kwa mara ya kwanza hakukuwa na mama wa kuwaamsha na wakagundua kwamba wanaitaka wenyewe. Huyo wa malaria alikuwa mmoja wao.

Sasa hela yako ya korosho. Usilipe kabla hujasoma. Pamoja na barua ya udahili kuna maelekezo ya kujiunga, na kuna sheria ndogo za wanafunzi. Mtoto aziombe zote, zisomwe nyumbani kwa sauti, shemeji yako akiwepo. Mtafute neno "ibada" au "sala" na mtazame limeambatana na neno gani: lazima, au karibu. Mtazame fomu anayotakiwa kutia saini, maana saini ni ahadi. Kuahidi kuheshimu maadili ya chuo cha Kikatoliki ni sawa, nami nilitia. Kuahidi kushiriki ibada ni kitu kingine, na ukikuta sentensi ya namna hiyo muulize mshauri wa wanafunzi ina maana gani kwa asiye Mkatoliki, na umwombe akuandikie. Uliza ada ikishalipwa inarudishwa au hairudi. Na kama amechaguliwa vyuo zaidi ya kimoja, Tume ya Vyuo Vikuu humtaka athibitishe kimoja ndani ya muda uliotangazwa, kwa hiyo kusoma huko kufanyike kabla dirisha halijafungwa.

Njia bora kuliko karatasi ni miguu. Toka Mingoyo asubuhi, kabla ya saa sita mko Mtwara. Zungukeni chuoni siku ya kawaida, si siku ya sherehe. Mtawaona wasichana wenye ushungi, wasimamisheni muwaulize yote uliyoniuliza mimi. Watajibu kwa ukweli kuliko mimi mstaafu. Muulizeni matroni akiugua mtu usiku anafanya nini, nani ana funguo, gari liko wapi. Mimi swali hilo ningeliweka mbele ya swali la Misa.

La mwisho uliloliuliza ni salamu, na nimefurahi uliuliza, kwa sababu ndilo atakalolikuta dakika ya kwanza getini. "Tumsifu Yesu Kristo" Mkatoliki huitikia "Milele na milele, amina." Akikutana na walokole watasema "Bwana Yesu asifiwe." Halazimiki kuitikia, na pia asigeuze uso kama hajasikia, kwetu huko ni kumvunjia mtu heshima. Msichana wa Kiislamu akiwa na ushungi kichwani, sista mwenyewe kwa kawaida hukumbuka akabadili, "Hujambo mwanangu?" Asipokumbuka, binti aseme, "Shikamoo, Sista." Ataitikiwa "Marahaba," na ataulizwa ametoka wapi, na akisema Mingoyo ataulizwa samaki bei gani siku hizi.